Jengo zima linatajirika siku moja: kazi za kufanya ukiwa hosteli ya chuo

Hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizinduliwa Aprili 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840. Ukigawanya unapata wastani wa watu 192 kwa jengo. Mwenye genge mtaani angefurahi kupata wateja 192 wanaolala hatua chache kutoka kwenye bidhaa zake. Ila mtaani fundi analipwa Jumamosi, mwalimu analipwa mwisho wa mwezi, bodaboda anapata ya leo leo. Hosteli haiko hivyo. Huku bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, likitoka limetoka kwa wengi kwa mpigo, na likikata linawakata wote ndani ya wiki moja.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni sh 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Awamu ya siku 60 ni sh 600,000. Kwenye karatasi ni elfu kumi kila siku. Kwenye korido mambo ni tofauti: wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku, viatu vipya na nywele mpya, kuanzia wiki ya sita ni wali maharage mara moja kwa siku na "nitakupa bumu likitoka". Wapo pia wasio na mkopo kabisa, wanaotumiwa elfu ishirini ishirini kutoka nyumbani, na hao ndio wateja watulivu zaidi kwa sababu hela yao haiji kwa mafuriko.

Kwa hiyo kabla hujachagua kazi, jiulize hela ya mteja wako inatoka wapi na inatoka lini. Kipaji chako kinafuata baadaye.

Kufua

Kufulia watu kunaonekana kazi rahisi, na ndiyo maana wengi huiacha baada ya wiki mbili. Wateja wake wapo mwanzoni mwa bumu na wiki ya testi. Katikati watu wanafua wenyewe.

Hesabu nguo mbele ya mwenyewe na uandike: jinzi 2, shati 5, shuka 1. Kisha pekua mifuko yote. Adui mkubwa wa kazi hii ni kalamu ya wino. Moja tu ikibaki kwenye mfuko wa shati inaharibu ndoo nzima, na utalipa shati ambalo bei yake hujawahi kuiona. Nguo usiyoijua, hasa kitenge, batiki na jinzi mpya, lowesha pindo lake, libane na kitambaa cheupe kwa dakika moja, uone kama rangi inahama. Anza na nyeupe, fuata za rangi hafifu, jinzi ziwe za mwisho kwenye maji yaleyale ya sabuni. Usizidishe unga wa sabuni ukidhani nguo itang'aa zaidi. Sabuni nyingi inadai suuza ya tatu, na hosteli unachohangaikia ni maji. Nguo kumi na mbili zikiwemo jinzi tatu hula karibu ndoo nne za lita 20: moja ya kuloweka na kufulia, tatu za kusuuza. Ndiyo maana jinzi ihesabiwe kama nguo mbili kwenye bei. Jiki weka kwenye pamba nyeupe tu. Nguo za kunyumbulika na za sufu zinageuka manjano.

Ghorofa za juu presha ya maji hushuka asubuhi wakati kila mtu anaoga. Fua usiku watu wamelala, anika alfajiri. Jinzi igeuze nje-ndani, ning'iniza kwa kiuno, na upitishe mguu mmoja juu ya waya ufunge fundo. Mwizi wa kambani anataka nguo inayotoka kwa mvuto mmoja. Masika, Machi hadi Mei, nguo nzito huchukua siku mbili na huanza kunuka uvundo, kwa hiyo ikunje ndani ya taulo kavu na kuikamua kabla ya kuanika, na usimwahidi jioni mteja wa kauka-nikuvae.

Jambo moja ambalo wafuaji wapya hawalioni mpaka limeshawafika: kunguni. Shuka za chumba cha watu zinakuja nao. Nguo chafu zikae kwenye ndoo yenye mfuniko (rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata hivyo huchanika) na zisiguse kitanda chako. Wakishaingia, kupuliza dawa mara moja ni kupoteza hela. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, kwa hiyo pulizia, mimina maji ya moto kwenye maungio ya kitanda cha chuma, anika godoro juani, kisha rudia yote baada ya wiki mbili. Chumba kizima siku moja. Ukitibu kitanda chako tu wanahamia kwa jirani na kurudi.

Kusuka na kunyoa

Hii ni kazi ya bumu hasa. Rasta ndogo ndogo ni saa tano mpaka sita za kukaa. Yeboyebo na twende kilioni ni fupi na zinafaa siku za kipindi. Mteja aje na rasta zake, wewe uuze mikono. Ukimnunulia wewe, siku akiahirisha umebaki na pakiti za rangi ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Chukua nusu ya malipo nywele zikiwa hazijaanza kugawanywa.

Fanyia kwenye korido au ukumbi mdogo, si chumbani, maana nywele zinazoanguka zikifagiliwa bafuni huziba mtaro, na jina lako ndilo litatajwa kwa msimamizi. Maji ya kuchovya ncha yawe kwenye chupa ya chai, usichemshe hapohapo kwa hita.

Vinyozi: spiriti na brashi kila kichwa kinapotoka, sio kila asubuhi. Mapunye yakitoka kwenye mashine yako, watu 192 watajua kabla ya saa mbili usiku.

Ndizi

Kwa anayeishi hosteli ya Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi lipo jirani, na ndizi mbivu ndiyo biashara ya wiki ya ukame. Mtu asiye na hela ya chipsi bado ana mia tatu. Tuseme chane moja ya kisukari au mtwike umeipata kwa 2,500 na ina ndizi 14. Kwa 300 kila moja ni 4,200. Toa mbili zitakazopondeka au kuiva kupita kiasi, inabaki 3,600, faida 1,100. Hela yenyewe ni ndogo, lakini inazunguka kila siku mbili.

Wanaopata hasara hununua zote zikiwa mbivu. Joto la Dar halikusubiri. Siku ya tatu madoa meusi yameshaenea. Chukua moja ya kuuza leo, moja inayoanza njano, moja ya kijani. Usizifungie kwenye ndoo au boksi lililozibwa, ndizi zinaivishana kwa hewa zinayoitoa zenyewe, na parachichi ukiziweka karibu mambo huenda kasi zaidi. Zining'inize. Zilizobaki saa tatu usiku shusha bei, au elewana na muuza juisi. Na usikopeshe ndizi. Deni la mia tatu ni dogo mno kulidai na ni kubwa mno ukilikusanya kwa watu arobaini.

Uwakala wa pesa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mitaji mingi ya wanafunzi inapokwama bila kuibwa.

Wakala wa mtaani anapokea na kutoa. Asubuhi muuza duka anaweka, mchana fundi anatoa, vinasawazishana. Hosteli hela inaenda upande mmoja tu: inaingia kwa simu kutoka nyumbani au kutoka akaunti ya bumu, inatoka kwako kama noti. Hakuna anayeweka. Ukianza na mtaji wa sh 300,000 ukaugawa nusu kwa nusu, jioni ya siku nzuri noti zimekwisha na floti (salio la wakala kwenye simu) imejaa. Una laki tatu na bado unamwambia mteja "njoo kesho". Kila safari ya kwenda benki au kwa wakala mkuu kugeuza floti kuwa noti ni nauli, foleni na kipindi kimoja ulichokosa.

Dawa ni mbili. Kwanza, anza na noti nyingi na floti kidogo, kwa mfano 250,000 kwa 50,000. Pili, na hii ndiyo muhimu, tafuta mtu wa karibu mwenye tatizo lililo kinyume na lako: mama ntilie, mwenye stesheneri, duka la vinywaji. Yeye jioni ana noti nyingi asizotaka kulala nazo na kesho anamlipa msambazaji wake kwa simu. Akupe noti, wewe umwekee floti. Ukiwa na wawili wa namna hiyo hutapanda daladala kufuata noti isipokuwa siku bumu linapotoka.

Usajili unataka kitambulisho cha NIDA, TIN na leseni ya biashara. Wengi wanakwepa kwa kutumia laini ya shangazi au ya rafiki aliyehitimu. Elewa unachofanya: floti iliyo kwenye laini ya mtu ni ya mtu. Ikifungwa, au mkikosana, huna pa kwenda kulalamika. Kumtoza mteja cha juu pia hakuruhusiwi. Malipo yako ni kamisheni ya kampuni, na yanategemea wingi wa miamala.

Kuhusu utapeli, kanuni ni moja: angalia salio, usisome meseji. Meseji ya kughushi inafanana na ya kweli kila herufi, lakini salio halighushiwi. Anayekuharakisha akisema teksi inamsubiri getini, acha teksi imsubiri.

Kuchapa na kutoa kopi

Hela ya kuchapa ipo mwishoni mwa muhula, hela ya kutoa kopi ipo mwaka mzima. Kazi zilizoletwa kama faili za Word zigeuze kuwa PDF kwenye kompyuta ya mteja mwenyewe, la sivyo fonti zinabadilika kwenye mashine yako, jedwali linaruka ukurasa, na lawama zinakuja kwako. Flashi isafishwe virusi kabla ya kufunguliwa. Kushoto acha nafasi ya kubania, kwa kawaida sentimita 4; wanafunzi wengi husahau mpaka spairo imekwisha kutoboa maneno.

Kinacholipwa vizuri zaidi ni kupanga ripoti: kurasa za mwanzo kwa namba za Kirumi, sura ya kwanza ianze na 1, yaliyomo yajitengeneze yenyewe. Siri iko kwenye kukata waraka kuwa sehemu mbili na kuondoa kiungo kati ya vijachini (footer) vyake kabla ya kuweka namba. Asiyejua hilo hukesha akifuta namba kwa mkono. Kumpangia mtu ripoti ni kazi halali. Kumwandikia ni jambo jingine, na likijulikana wa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, mnaweza kuwa wawili.

Hela ya nje ya geti

Kazi zote nilizozitaja zinazungusha bumu lilelile. Zinazokuvusha wiki ya saba bila kukopa ni zile ambazo mlipaji halali hosteli. Mbili zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni kutranskraibu mahojiano ya utafiti. Wahadhiri, wanafunzi wa uzamili na mashirika hurekodi mahojiano kwa Kiswahili na kutaka yaandikwe neno kwa neno, mara nyingi pia yatafsiriwe. Mwanafunzi anaulizwa "utafanya kwa shilingi ngapi?" anataja namba akiwaza urefu wa sauti. Hapo ndipo anapoumia. Saa moja ya sauti safi ya watu wawili huchukua saa 4 hadi 6 za kuandika. Majadiliano ya kikundi, watu wanadakana maneno na nyuma kuna jogoo, yanaweza kufika 8. Tafsiri inaongeza karibu kiasi kilekile.

Chukua mahojiano 10 ya dakika 45. Ni dakika 450, yaani saa saba na nusu za sauti, yaani saa 30 hadi 45 za kukaa. Ukikubali sh 150,000 umejilipa kati ya 3,300 na 5,000 kwa saa, kabla ya tafsiri. Huenda inakutosha, lakini ijue namba hiyo kabla ya kukubali. Pangeni bei kwa dakika ya sauti, kamwe si kwa ukurasa, na omba usikie dakika tano za rekodi mbaya kuliko zote kwanza. Rekodi nzuri atakuonyesha mwenyewe bila kuombwa.

Tumia VLC: kitufe cha [ kinapunguza kasi kidogo kidogo, ] kinaongeza, na Shift pamoja na mshale wa kushoto hurudisha sekunde tatu. Pitia mara ya kwanza haraka bila kusimama kila neno, mara ya pili ndiyo ya kurekebisha. Pasiposikika andika "haisikiki" na dakika yake, usibuni. Mtafiti akigundua umebuni mahali pamoja, hataamini kurasa nyingine zote. Majina ya watu yabadilishwe kama mlivyokubaliana. Na tumia visikilizio vya masikioni. Mhojiwa aliyesimulia ugonjwa wake hakukubali kusikika kwenye chumba chenye watu wanne na mmoja anayebebwa, yaani anayelala kwenye kitanda cha mwenzake.

Ya pili ni tyuisheni ya nyumbani. Tatizo lake ni kalenda. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Wazazi huchachamaa Agosti hadi Oktoba, wakati wewe uko field (mafunzo kwa vitendo) au likizo mkoani. Ukisubiri chuo kifunguliwe ndipo utafute, msimu umekwisha. Tafuta Februari na Machi, mwombe mzazi mwezi mzima wa vipindi vitatu kwa wiki, dakika 90 kila kimoja, ulipwe wiki ya kwanza. Kataa nyumba inayohitaji daladala mbili. Kutoka Mlimani kupitia Mwenge saa kumi na moja jioni foleni peke yake inaweza kula muda sawa na kipindi chenyewe, na hakuna mzazi anayelipia foleni.

Chumba chenyewe

Sheria ndogo za hosteli nyingi zinakataza biashara na kupika chumbani, na kwenye fomu ya ufunguo saini ni yako. Kwa hiyo bidhaa zikae ndani ya kabati lako, wateja wasipange foleni mlangoni, na wenzako wa chumba wapate kitu: kopi za bure, ndizi ya jioni. Msimamizi mara nyingi hupata habari kutoka kwa mwenzako aliyechoka kugongewa saa sita usiku.

Umeme ndio unaochoma majengo. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Lakini ekstensheni ya bei rahisi ina waya mwembamba, nyingi za milimita za mraba 0.75, unaobeba kama ampea 6, yaani karibu wati 1,400. Koili ya wati 1,000 na pasi ya 1,000 kwa pamoja tayari umepita. Watu husema "mbona swichi ya korido haijakata?" Haikati kwa sababu imewekwa kulinda waya wa ukutani, ambao ni mnene. Waya wako mwembamba hakuna anayeulinda. Ukiuacha umeviringishwa chini ya godoro, joto halina pa kutokea. Kitu kimoja kwa wakati, waya umenyooshwa, na anayetaka kupiga pasi asubiri chai ichemke.

Kubebana mnajua. Kitanda cha futi mbili na nusu, watu wawili wanalala mzungu wa nne, na yote huenda salama kama mambo matatu yamesemwa siku ya kwanza: nani anakaa na ufunguo, nani anachota maji, na anayebebwa anachangia nini. Mwenye biashara aseme na la nne: je, anayebebwa anaweza kuuza wakati mwenye kitanda yuko kwenye kipindi? Akiwa mwaminifu huyo ni mshirika bora kuliko rafiki wa jengo la pili. Mpe daftari, si kauli. Laptopu zifungwe kabatini hata kama unakwenda bafuni, na kila mmoja aandike namba ya kifaa chake mahali pasipo kwenye kifaa hichohicho.

Madeni yana tarehe yake. Usikopeshe chochote kuanzia wiki mbili kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), na zunguka kudai siku bumu la mwisho linapotoka, usiku uleule, kabla halijafika kwenye maduka ya Mlimani City. Ratiba ya mitihani imebandikwa. Andika pembeni ya kila jina kwenye daftari lako siku na saa ya mtihani wake wa mwisho. Mwenye mtihani wa mwisho Jumanne saa tano asubuhi, saa nane mchana yuko kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, na begi lake. Mfuate Jumatatu.